Kuziba Sakafu ya Zege katika Gereji ya Gari la Zamani

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya kweli, lakini katika kazi ya sakafu inahitaji nyongeza: azibaye bila kuchungua kilicho chini naye atajenga ukuta, tena kwa gharama ya mara mbili. Jambo hili lahusu vyama vya msingi kuliko inavyodhaniwa. Katika uwanja wa chama aghalabu huwapo banda au gereji ambamo limehifadhiwa gari la zamani, ama Land Rover iliyowabeba makarani wa ununuzi katika miaka ya mwanzo, ama lori lililopeleka mazao kwa Chama Kikuu kabla barabara haijatiwa lami. Wako pia wanachama waliorithi magari ya namna hiyo kwa baba zao, wanayatunza majumbani, na hawana nia ya kuyauza.

Mambo huenda hivi. Gari linakaa. Sakafu inatoa vumbi ambalo kila asubuhi limetanda juu ya boneti. Matone ya mafuta yanaacha madoa yasiyofutika. Pembeni mwa ukuta unatokea unga mweupe. Ndipo mjumbe mmoja anasimama katika kikao cha kamati na kupendekeza sakafu ipakwe rangi ya kuziba. Fedha zinaidhinishwa, rangi inanunuliwa, kijana mwenye brashi anapatikana, na kwa mwezi mmoja gereji inang'aa. Masika yanapopita rangi imetoka malengelenge, inabanduka kwa vipande vyenye ukubwa wa kiganja, na chini ya gari kutu imezidi. Katika mkutano mkuu mwanachama anauliza fedha zile zimekwenda wapi, na katibu hana karatasi ya kumjibu.

Makala hii yaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, na utaratibu ambao chama au mwanachama mmoja mmoja anaweza kuufuata ili isitokee. Jambo la kukumbuka toka mwanzo ni hili: dawa ya kuziba inayopakwa juu ya sakafu hukinga kile kinachomwagika juu yake. Maji yanayopanda kutoka ardhini ni shauri jingine, na tiba yake ni nyingine.

Kwa nini zege hunywa

Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Saruji itumikayo leo ni ya ukoo wa ile ambayo Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, aliipatia hataza mwaka 1824, akaiita Portland kwa kuifananisha na mawe ya ujenzi ya mahali paitwapo hivyo. Saruji huhitaji maji ya kiasi ili igande. Fundi akizidisha maji ili zege lilainike na kusambaa bila taabu, maji ya ziada hukauka baadaye na kuacha njia nyembamba zisizoonekana kwa macho. Njia hizo ndizo zinywazo mafuta yanayodondoka, na ndizo zipandishazo maji ya ardhini, sawasawa na utambi wa taa unavyopandisha mafuta ya taa.

Vumbi nalo lina asili yake. Sakafu ambayo haikumwagiliwa maji kwa muda wa kutosha baada ya kumwagwa, walau siku 7, hukauka juu kabla saruji haijashika. Vivyo hivyo sakafu iliyosuguliwa kwa mwiko ilhali maji yangali yametuama juu yake, au iliyonyunyiziwa saruji kavu ili kuyanyonya maji hayo. Uso wake huwa dhaifu, na kila tairi linapopita huutwanga kuwa unga. Unga mweupe wa pembeni ni kitu kingine. Hizo ni chumvi zilizoyeyushwa na maji yapitayo ndani ya zege na kuachwa juu maji yanapokauka. Katika mwambao, ambako wengine hujengea mchanga wa baharini usiooshwa, chumvi huwa nyingi zaidi. Popote unga huo unapoonekana, ni dalili kwamba maji yanapita ndani ya sakafu au ukuta.

Gari linavyodhurika

Gari la kila siku huondoka asubuhi, likapata upepo na joto, likakauka. Gari la zamani lililohifadhiwa hukaa mahali pamoja kwa wiki au miezi, na sehemu yake ya chini inatazamana na sakafu muda wote huo. Land Rover ni mfano mwema. Gari hilo lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, bodi yake ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, kwa kuwa chuma cha pua na mabati vilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Bodi ya namna hiyo haishiki kutu kama bati. Lakini chasisi yake ni ya chuma, nayo ndiyo iliyo karibu na sakafu. Mwenye gari huweza kuitazama bodi kila siku akaridhika, huku chasisi inaliwa kutoka chini asikokuona.

Unyevu huo una njia mbili za kufika. Njia ya kwanza ni kupanda kutoka ardhini kupitia zege. Ya pili ni hewa yenyewe: sakafu hupoa usiku, na asubuhi hewa yenye joto na unyevu ikiingia na kukutana na ubaridi ule, maji hutona juu ya sakafu kama yatonavyo nje ya mtungi wa maji baridi. Watu husema sakafu inatoka jasho. Njia hizi mbili zatofautiana, na kuzitenganisha ndiyo kazi ya kwanza, kwa maana jasho la sakafu huponywa kwa madirisha na matundu ya hewa, siyo kwa dawa ya kuziba.

Hapa yafaa kuondoa imani moja iliyoenea, kwamba betri ikiwekwa juu ya zege huishiwa nguvu. Betri za zamani zilikuwa na masanduku ya mbao au ya mpira, na unyevu uliweza kuzidhuru. Betri ya siku hizi ina ganda la plastiki, nayo hupungua nguvu kwa kukaa bila kuchajiwa, iwe juu ya zege au juu ya ubao. Linalopaswa kuogopwa ni kinyume chake: maji ya betri ni tindikali, nayo hulila zege na kulifanya unga.

Majaribio manne yasiyo na gharama

Kabla ya senti moja kutumika, sakafu na ipimwe. Vifaa vinavyotakiwa vyapatikana kila mahali.

Jaribio la kwanza ni la karatasi ya nailoni. Kipande cheupe kipenyacho mwanga, chenye upana wa sentimita 45 kila upande, hulazwa juu ya sakafu iliyofagiwa na kubandikwa kingo zake zote kwa utepe wa gundi, pasiachwe nafasi ya hewa kupita. Kiachwe usiku na mchana, na kwa vyovyote kisibanduliwe kabla ya saa 16 kupita, tena mahali pasipopigwa na jua. Kikiondolewa, upande wa chini utazamwe. Ukiwa na matone ya maji, au zege likiwa limegeuka rangi na kuwa jeusi, maji yanapanda kutoka chini. Ikiwa upande wa chini ni mkavu na wa juu ndio wenye maji, basi hiyo ni jasho la hewa. Vipande vitatu au vinne viwekwe sehemu mbalimbali, kimoja kikiwa karibu na ukuta wa nje.

Hapa ndipo wengi hukosea. Jaribio hili likifanywa kiangazi, ardhi ikiwa kavu, sakafu mbovu yaweza kuonekana njema. Lifanywe masika, mvua zikiwa zimekolea, na kazi ya kupaka ingoje kiangazi. Kamati inayotaka kuyamaliza yote ndani ya wiki mbili, kwa sababu mwaka wa fedha unakwisha, inajitafutia hasara.

Jaribio la pili ni la matone ya maji. Matone machache yadondoshwe hapa na pale, hasa mahali pa kuegesha gari. Yakizama na kuacha doa jeusi katika dakika chache, zege li wazi na litaipokea dawa. Yakisimama kama umande juu ya jani la mgomba, basi pana mafuta, au dawa ya zamani, au nta nyekundu ya kung'arishia sakafu. Juu ya vitu hivyo hakuna dawa itakayoshika.

Jaribio la tatu ni la msumari. Uso wa sakafu ukikwaruzwa kwa msumari ukatoa unga mwingi na kuacha mfereji, uso huo ni dhaifu na hauna budi kuondolewa. Rangi ikipakwa juu yake itashikamana na unga, na unga utabanduka pamoja na rangi.

Jaribio la nne ni la nyundo. Sakafu nyingi za vyama zimepigwa niru, yaani tabaka jembamba la saruji lililolainishwa kwa mwiko juu ya zege. Sakafu igongwegongwe polepole kwa nyundo ndogo. Penye mlio mzito, niru imeshika. Penye mlio wa chombo kitupu, niru imeachana na zege, na sehemu hiyo yapasa kuchimbuliwa na kupigwa upya.

Ikiwa maji yanapanda

Jaribio la kwanza likionyesha maji yanatoka chini, kamati isinunue rangi ya aina yoyote inayotengeneza ngozi juu ya sakafu. Mvuke wa maji utaisukuma kutoka chini na kuitoa malengelenge, hata kama bati limeandikwa sifa namna gani.

Kwanza patafutwe maji yanakotoka. Mara nyingi ni mfereji wa paa uliotoboka, mtaro wa nje uliojaa takataka, au udongo uliorundikana ukutani hata ukapita kimo cha sakafu. Chama kikisafisha mitaro na kuondoa udongo, huenda masika yafuatayo jaribio likaleta jibu jema kwa gharama ya vibarua wawili tu.

Ikiwa maji yangali yanapanda, yako mambo mawili. La kwanza ni kumwaga sakafu mpya juu ya ile ya zamani, ikitanguliwa na karatasi nzito ya plastiki yenye unene wa robo milimita, iliyopishana vizuri kwenye maungio na kupandishwa ukutani. Hiyo ndiyo tiba kamili, ingawa ina gharama na hupunguza kimo cha mlango. La pili ni kuiacha sakafu ipumue, itiwe dawa inayoingia ndani ya zege isiyotengeneza ngozi, na gari liinuliwe kwa vigogo imara huku madirisha mawili yakielekeana ili upepo upite. Kwa chama chenye fedha kidogo, hili la pili si la kudharauliwa.

Kuandaa uso wa sakafu

Mafundi wa rangi hukubaliana kwamba kazi kubwa iko kabla ya kulifungua bati. Gari litolewe nje pamoja na vifaa vyote. Mafuta mabichi yanyunyiziwe unga wa mbao au majivu, yaachwe yanyonywe, yafagiwe. Madoa ya zamani yasuguliwe kwa brashi ngumu na sabuni kali ya kuondolea mafuta, yakisuuzwa kwa maji mengi, na kazi irudiwe mpaka jaribio la matone lioneshe kwamba maji yanazama. Doa moja laweza kutaka kusuguliwa mara tatu au nne.

Baada ya mafuta kutoka, uso wa zege sharti ukwaruzwe ili dawa ipate pa kushika. Njia bora ni mashine ya kusagia sakafu, ambayo yaweza kukodiwa mijini. Mashine hiyo itumike pamoja na maji au kifyonza vumbi, na mwendeshaji avae barakoa nzuri, kwa sababu vumbi la zege lina chembe za mawe zinazodhuru mapafu kwa muda mrefu. Njia ya zamani ni kuosha sakafu kwa tindikali ya hidrokloriki iliyozimuliwa. Njia hiyo ni rahisi lakini ina hatari zake. Tindikali humiminwa ndani ya maji, wala maji hayamiminwi kamwe ndani ya tindikali. Mfanyakazi avae miwani, glavu na buti za mpira. Baada ya kazi sakafu isuuzwe kwa maji yenye magadi ili kuua ukali uliobaki, kisha kwa maji matupu. Tena mvuke wake huleta kutu, kwa hiyo gari, spana na jeki visiwe karibu. Juu ya mafuta tindikali haifanyi kazi yoyote, maana mafuta huikinga isifike kwenye zege.

Nyufa nazo zichunguzwe. Penseli ichore mstari unaokatiza ufa, na tarehe iandikwe kando yake. Mistari ya pande mbili ikiachana baada ya miezi kadhaa, ufa ungali unatembea, nao uzibwe kwa dawa laini yenye kunyumbuka. Ufa uliotulia wazibwa kwa epoksi au saruji. Nafasi zilizoachwa makusudi baina ya vipande vya zege zisizibwe kwa kitu kigumu, maana zimewekwa ili zege lipate kutanuka na kunywea.

Sakafu mpya isipakwe kabla ya siku 28 tangu kumwagwa, na jaribio la nailoni lisiachwe hata kwayo.

Kuchagua dawa

Dawa zipo za namna nyingi, lakini kwa gereji zaweza kugawanywa mafungu manne.

Fungu la kwanza ni silikati, na iliyo maarufu ni sodiamu silikati, ambayo wengine huiita maji ya kioo. Hii huingia ndani ya zege, ikaungana na chokaa iliyobaki humo, na kufanya kitu kigumu kinachojaza vinyweleo. Hukomesha vumbi, haina ngozi ya kubanduka, na mvuke waweza kupita. Udhaifu wake ni kwamba haizuii kabisa mafuta. Doa litaingia polepole badala ya kuingia upesi, na mwenye gari apate muda wa kufuta. Ndiyo nafuu kuliko nyingine, na kwa sakafu yenye mashaka ya unyevu ndiyo salama zaidi.

Fungu la pili ni akriliki. Hupakwa kwa urahisi, hukauka mapema na bei yake ni ndogo. Lakini ngozi yake ni nyembamba, petroli huidhuru, na tairi lenye joto kutoka safarini laweza kuibandua linapopoa juu yake. Kwa gari linalokaa tu yaweza kufaa. Kwa gereji ya lori lifanyalo kazi haifai.

Fungu la tatu ni epoksi, ambayo huja katika mabati mawili ya kuchanganywa. Hushika sana, hustahimili mafuta ya injini na mikwaruzo ya jeki, na husafishwa kwa kitambaa. Haipendi sakafu yenye maji, na mahali papigwapo na jua, kama mlangoni, hugeuka manjano na kupauka.

Fungu la nne ni poliyurethini, ambayo aghalabu hupakwa kama koti la mwisho juu ya epoksi ili kuilinda na jua na mikwaruzo. Yafaa ifahamike kwamba mafuta ya breki ya kawaida huharibu rangi nyingi, ya gari na ya sakafu pia. Yakimwagika yafutwe papo hapo.

Hesabu ya kiasi na bei

Katibu asilinganishe bei ya bati na bati. Kinacholinganishwa ni bei ya tabaka litakalobaki sakafuni baada ya kukauka. Lita 1 ikitandazwa kwa unene wa milimita 1 hufunika mita ya mraba 1. Kwa unene wa sehemu ya kumi ya milimita hufunika mita za mraba 10. Lakini baadhi ya dawa zina maji au kiyeyushi kinachopotea hewani. Mtengenezaji huandika katika karatasi ya maelezo kiasi kinachobaki kwa kila mia ya ujazo.

Chukua gereji yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 4, yaani mita za mraba 24. Makoti mawili yanatakiwa, kila moja likikauka kwa unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Dawa ambayo yote hubaki itahitajika lita 2.4 kwa koti, jumla lita 4.8, na kwa kuongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya upotevu, lita 5.3 hivi. Dawa ambayo nusu yake hupotea hewani itahitajika mara mbili, yaani lita 10.6 hivi. Kwa hiyo dawa ya pili, ikiwa bei yake kwa lita yazidi nusu ya ile ya kwanza, ni ghali zaidi, hata kama bati lake laonekana rahisi dukani. Hesabu hii iandikwe katika jedwali la zabuni mbele ya kamati. Fedha nyingi za wanachama hupotea kwa kukosa mistari hii mitatu ya hesabu.

Siku ya kupaka

Kazi ianze siku kavu. Asubuhi yenye umande haifai, wala sakafu inayotoka jasho. Saa za alasiri, zege linapoanza kupoa, ni bora kuliko asubuhi linapopata joto, kwa maana joto linapopanda hewa iliyo ndani ya zege hutanuka na kutoa mapovu kwenye rangi mbichi.

Epoksi ichanganywe kwa kipimo kamili kilichoandikwa. Kuongeza kigandishi ili ikauke upesi ni kuiharibu. Ichanganywe kidogo kidogo, maana ikikaa nyingi katika ndoo moja hupata moto na kuganda kabla ya kutumika. Mpakaji aanze ukuta wa nyuma akirudi mlangoni, kwanza pembe kwa brashi, kisha katikati kwa rola. Sakafu iliyozibwa huteleza ikipata maji au mafuta. Kwa hiyo mchanga safi, mkavu na laini unyunyizwe juu ya koti bichi mahali pa kupita watu. Kama bati halisemi vingine, watu wasikanyage kabla ya saa 24, na gari lisirudishwe kabla ya siku 7.

Usalama wa watu na wa mazao

Dawa zenye kiyeyushi hutoa mvuke unaowaka moto, nao ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka kwenye jiko la mlinzi au cheche ya mashine ya kuchomelea. Milango iwe wazi, moto na sigara vikatazwe. Epoksi mbichi huweza kuleta upele na mwasho usiokwisha kwa mtu aliyeizoea ngozini, hivyo glavu si anasa.

Lipo jambo moja ambalo vyama vya kahawa visilisahau. Kahawa huvuta harufu. Ikiwa gereji yapakana na ghala, na ukuta kati yake haufiki kwenye paa, harufu ya rangi itaingia kwenye magunia na kushusha daraja la mazao ya wanachama wote kwa ajili ya sakafu ya gari moja. Kazi ifanywe baada ya ghala kuwa tupu, na mazao yasiingizwe mpaka harufu imekwisha kabisa.

Kumbukumbu za katibu

Kabla kamati haijapiga kura, muhtasari uwe na mambo haya:

1. Tarehe ya jaribio la nailoni, hali ya mvua siku hiyo, na matokeo kwa kila kipande.
2. Matokeo ya jaribio la matone, la msumari na la nyundo, pamoja na mchoro mdogo wa sakafu unaoonyesha sehemu mbovu.
3. Marekebisho ya mitaro na mifereji yaliyofanywa, na gharama yake.
4. Aina ya dawa iliyochaguliwa na sababu ya kuichagua.
5. Hesabu ya lita na bei kwa mita ya mraba kwa kila muuzaji aliyeulizwa.
6. Jina la fundi, na makubaliano ya maandishi kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya sakafu kukaguliwa.

Bati likipokewa, nambari ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi ziandikwe katika leja ya bohari, na karatasi ya maelezo ihifadhiwe kwenye jalada. Rangi ikibanduka, karatasi hizo ndizo zitakazoonyesha kama kosa ni la dawa, la fundi, au la kamati yenyewe. Bila hizo chama hakina dai lolote kwa mtu yeyote.

Sakafu ikishakamilika matunzo yake ni madogo: ifagiwe, mafuta yafutwe siku hiyo hiyo, na trei la bati lenye mchanga liwekwe chini ya injini. Masika ya kwanza yakifika, katibu aingie gerejini na tochi, ainame, atazame sakafu iliyo chini ya gari, kisha atazame na chasisi. Atakayoyaona huko, yawe mema au mabaya, ayaandike na kuyasoma mbele ya wanachama katika mkutano unaofuata.